TAHARIRI: Waacheni Wafumue

Ndugu wanachama, na ninyi wanakijiji ambao bado si wanachama lakini mnasoma ubao huu kila wiki bila kukosa (tunawaona, karibuni chamani),

Katika kikao cha kamati kilichopita lilizuka jambo ambalo gazeti lenu la ukutani limeona haifai kulinyamazia. Jambo lenyewe ni klabu ya vijana na darasa lake la kufuma kwa kroshia. Baadhi ya wajumbe walisema hivi: tangu mwezi wa Agosti, pamba ilipokwisha kuuzwa, chama kimetoa chumba, kimetoa mabenchi, kimetoa uzi kutoka dukani. Leo tunakaribia msimu wa kupanda na hakijaonekana hata kitambaa kimoja cha kutandika juu ya kochi. Ukipita dirishani leo unawakuta vijana wanafuma, ukipita kesho unawakuta wanafumua kile kile cha jana. "Huu ni mchezo," alisema mjumbe mmoja, na wenzake wakacheka.

Basi likatolewa pendekezo kwamba fungu la uzi lifungwe. Na kama halifungwi, wale wasichana watatu waliokuja darasani wakiwa wanajua tayari, maana walifundishwa na mama zao nyumbani, wafume seti nzima ya vitambaa, vipelekwe mnadani kwa jina la klabu, ili angalau ionekane kuna kitu. Uamuzi utafanyika Jumamosi ijayo.

Maoni ya gazeti hili ni kwamba pendekezo hilo halifai, lote, kichwa na mkia. Tutaeleza kwa nini. Lakini kwanza tueleze kinachofanyika mle chumbani, kwa sababu wengi wanaosema hawajaingia, wamechungulia tu.

Kroshia ni kufuma kwa sindano moja fupi yenye ndoano kichwani. Neno lenyewe limetoka kwa Wafaransa, na kwao maana yake ni ndoano ndogo. Mtu akiangalia fundi anayejua, anaona mkono wa kulia unavyokwenda mbio na anadhani kazi iko hapo. Sivyo. Kazi iko mkono wa kushoto, ule ulioshika uzi. Uzi unazungushwa kidole kidogo, unapita juu ya kidole cha shahada, na hapo ndipo unapoamuliwa ukaze au ulegee. Ukikaza mno, sindano haiingii. Ukilegeza mno, kitambaa kinakuwa kama wavu wa dagaa uliochoka. Siku mbili za mwanzo za darasa hili zilikwisha kwa kushika uzi tu. Watu wakasema, "Eti wanafundishwa kushika uzi!" Ndiyo, ndicho walichofundishwa, na ndicho kilichotakiwa.

Baada ya hapo inakuja cheni. Unafunga kitanzi kinacholegea ukivuta, unakivisha sindanoni, unanasa uzi, unaupitisha ndani ya kitanzi. Hiyo ni cheni moja. Mwanafunzi anaambiwa afume cheni ishirini zilizo sawa, kisha azihesabu kwa sauti, na kile kitanzi kilichobaki juu ya sindano hakihesabiwi. Hapo wengi wanapotea. Mmoja anapata kumi na tisa, mwingine ishirini na mbili, na cheni zenyewe nyingine nene kama kamba ya ng'ombe, nyingine nyembamba hata sindano haipiti. Mwalimu anavuta uzi, prrr, zinafumuka zote. Anza tena.

Kisha fundo fupi. Unaanza na cheni ishirini na moja, unaingiza sindano katika cheni ya pili kutoka sindanoni, unavuta uzi, unapata vitanzi viwili, unanasa tena uzi na kuupitisha katika vyote viwili. Ukifika mwisho unatakiwa uwe na mafundo ishirini. Unafuma cheni moja ya kugeukia, unageuza kazi, unarudi. Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo palipoleta kicheko cha dirishani. Fundo la mwisho katika kila mstari hujificha. Mwanafunzi asipoliona analiruka, mstari unakuwa na kumi na tisa, unaofuata kumi na nane, na baada ya mistari kumi kile kilichotakiwa kuwa cha mraba kimekuwa na ncha kama tanga la mtumbwi. Kwa macho ya mpita njia huo ni uharibifu wa uzi. Kwa mwalimu ni dalili, naye anajua mara moja ugonjwa uko wapi: huyu kijana hahesabu mwisho wa mstari.

Wiki hii wamo katika fundo refu. Unazungusha kwanza uzi juu ya sindano, unaingiza, unavuta, sasa una vitanzi vitatu. Unapitisha uzi katika viwili, vinabaki viwili. Unapitisha tena katika viwili, kinabaki kimoja. Cheni tatu za mwanzo wa mstari zinasimama badala ya fundo refu la kwanza, nazo zihesabiwe kama fundo. Ukijua cheni, fundo fupi na fundo refu, sehemu kubwa ya vile vitambaa mnavyovisifia kwenye sebule za watu umekwisha kuvielewa. Yanayobaki ni mpangilio na subira.

Mbele yao kuna duara, na duara ndilo litakalowatoa jasho. Cheni sita zinaungwa kuwa pete, ndani ya pete mafundo marefu kumi na mawili. Mzunguko wa pili ishirini na manne, wa tatu thelathini na sita, wa nne arobaini na manane. Kila mzunguko unaongeza kumi na mawili, si zaidi wala pungufu. Ukisahau kuongeza, kitambaa kinajikunja juu, unapata bakuli. (Ukitaka kofia basi unasahau kwa makusudi, huo nao ni ufundi.) Ukizidisha kuongeza, kinajaa mawimbi kama jani la sukuma wiki. Na msidhani mawimbi hayo ni ya kuchekwa tu. Mwaka 1997 mwalimu mmoja wa hesabu mzaliwa wa Latvia, Daina Taimina, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alifuma kwa kroshia kitu chenye mawimbi ya namna hiyo hiyo, akiongeza mafundo kwa kipimo kimoja mstari hata mstari, ili wanafunzi wake washike kwa mikono aina ya umbo ambalo vitabu vya jiometri vilikuwa vinashindwa kulionyesha vizuri kwenye karatasi. Kwa hiyo mzazi unayesema mtoto anaacha hesabu anakwenda kufuma, njoo umsikilize akihesabu.

Sasa turudi kwenye kufumua. Fundi wa nguo akikosea mkasi, kitambaa kimekwenda. Seremala akikosea msumeno, ubao umekwenda. Kroshia haina mkasi mpaka mwisho wa kazi. Uzi ni mmoja, kila kitanzi kimeshikwa na kilicho mbele yake, kwa hiyo ukitoa sindano na kuvuta, mistari kumi inarudi kuwa uzi ule ule, labda umechakaa kidogo tu. Kibonge kimoja kimeweza kufundishia vijana watatu kwa mwezi mzima. Mjumbe aliyehesabu kwamba "uzi umeliwa" aende stoo aangalie: vibonge vingi vilivyotolewa vipo, vimezungushwa vizuri, vimeandikwa daftarini. Kama angekuta vitambaa ishirini vyenye umbo la tanga la mtumbwi, hapo ndipo tungesema uzi umeliwa.

Kuhusu wale wasichana watatu, hapa tunasema bila kuzungusha maneno: hilo ni kudanganya wanunuzi, na ni kuwanyonya wasichana wenyewe. Wao walikuja kusaidia kufundisha. Kila mmoja amekaa na wenzake sita au saba, anawashika vidole, anawaonyesha upya bila kuchoka. Tukiwatoa hapo na kuwakalisha pembeni wafume seti ya kuonyesha wageni, darasa litabaki bila wasaidizi na klabu itabaki na sifa isiyo yake. Mwaka ujao wakiolewa au wakienda mjini, klabu inakufa siku hiyo hiyo. Tumeona vikundi vingapi hapa vilivyokufa namna hiyo? Vya kuku, vya bustani, hata kile cha ngoma. Anayejua alikuwa mmoja, wengine walikuwa wapiga makofi.

Wazee wetu hawakujenga ushirika kwa njia hiyo. Huku kwetu Usukumani wakulima wa pamba walianza kudai haki yao miaka ya mwanzo ya 1950 kwa jambo moja dogo: mizani. Walikuwa wanaibiwa uzito. Wakataka wawe na watu wao wa kusimama kwenye mizani na kusoma namba. Kutoka mizani wakaingia kwenye kununua pamba, kukatokea vyama vya msingi, mwaka 1955 vikaungana katika chama kikuu cha Victoria, ambacho Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake, na baadaye kikawa na vinu vyake vya kuchambulia pamba. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Walipovirudisha, kazi ilikuwa ngumu sehemu nyingi, kwa sababu wanaojua daftari na mizani walikuwa wametawanyika. Mwenye kutaka kujua zaidi awaulize wazee wanaokaa chini ya mwembe pale ofisini, wamo waliobeba magunia miaka hiyo.

Tuje kwenye gharama, maana hoja hiyo ina uzito na hatutaki kuikwepa. Uzi ni ghali. Na inauma zaidi kwetu kuliko kwa watu wengine, kwa sababu pamba tunalima sisi. Kilo tatu za pamba mbegu zikichambuliwa zinatoa kama kilo moja ya pamba nyuzi, zinazobaki karibu zote ni mbegu. Nyuzi zinafungwa marobota, na sehemu kubwa ya pamba ya nchi yetu inauzwa nje kabla haijasokotwa. Halafu uzi unarudi dukani kwa kibonge kidogo chenye karatasi ya rangi, na mama aliyepalilia, aliyepulizia dawa, aliyechuma na kuchagua pamba safi na pamba fifi, anaulizia bei, anashtuka, anarudisha kibonge mahali pake. Klabu ya vijana haiwezi kuondoa jambo hili. Lakini kijana anayejua kugeuza kibonge kuwa kitambaa amepata sehemu kidogo ya ile thamani ambayo kila mwaka inatupita barabarani juu ya malori.

Kwa hiyo basi tunapendekeza hivi. Uzi wa pamba wa dukani usitumike kujifunzia. Utunzwe kwa kazi ya kuuza. Wa kujifunzia utoke kwenye masweta ya mitumba yaliyochakaa, ambayo mnadani yanauzwa kwa bei ya kutupa. Ila mwenye kununua awe na macho. Ageuze sweta nje ndani na aangalie mishono ya ubavuni. Kama kila kipande kimefumwa hadi ukingoni na kuungwa kwa uzi, huo mshono unafunguliwa polepole na sweta linafumuka lote kuanzia juu, uzi mrefu safi. Kama limekatwa kwa mashine na kupigwa oveloki, liache, utapata vipande vya urefu wa mkono tu. Uzi ukishatoka huwa umejikunja kunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uufue, uuanike ukiwa na kitu kizito kidogo chini. Ukikauka umenyooka. Sindano za uzi mnene zinaweza kuchongwa kwa mti mgumu na kulainishwa kwa msasa, na za uzi mwembamba vijana wamekwisha kujaribu spoku ya baiskeli iliyopigwa tupa, nayo inafanya kazi. Kijana aliyechonga hizo ni mmoja wa wavulana. Tuseme juu yao kidogo.

Wavulana walianza saba. Sasa ni watatu. Hawakushindwa cheni wala fundo. Walishindwa kijiwe. Wakipita pale wanaulizwa kama wameanza kuvaa kanga. Ndugu zetu wa kijiweni, nani anawashonea suruali? Si fundi cherehani, mwanamume mwenye ndevu, anayeshona hata magauni ya harusi na hakuna anayemcheka? Nani anaunga nyavu kule ziwani, fundo kwa fundo, amekaa kivulini mchana kutwa? Ni wavuvi, na mkiwacheka mtakosa sato. Katika kisiwa cha Taquile, ndani ya Ziwa Titicaca huko Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano ndefu, na wavulana wanaanza kufundishwa wangali wadogo. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ufundi wa nguo wa kisiwa hicho kuwa urithi wa binadamu wote. Hatusemi kila mvulana aje afume. Tunasema anayetaka aachwe. Na wazazi wa wale wanne walioondoka wawaambie warudi, nafasi zao kwenye benchi zipo.

Jambo jingine ni bei, na hili tunaliweka mbele ya mkutano mapema kabla hata kitambaa cha kwanza hakijatoka, kwa sababu likingojwa litaleta ugomvi. Mnunuzi wa kitambaa cha kroshia ana tabia ya kukadiria uzi kwa macho na kusema, "Mbona uzi wenyewe ni wa elfu mbili tu?" Halafu anatoa elfu mbili na mia tano na kuona amekusaidia. Tuseme kitambaa kimekula uzi wa shilingi 2,000 na saa kumi za mikono ya kijana. Akikiuza 2,500, amefanya kazi saa kumi kwa shilingi 500. Hakuna mtu kijijini hapa anayemlipa kibarua wa palizi kwa kukadiria bei ya jembe. Tunataka chama kiweke kanuni: bei ya uzi irudi kwanza dukani, saa za kufuma zihesabiwe na kulipwa si chini ya kibarua cha palizi kwa msimu huo, na dukani pabandikwe karatasi inayoonyesha kitambaa kimechukua saa ngapi. Asiyetaka kununua asinunue, lakini asiseme hakujua. Kitambaa hiki hakitoki kwenye mtambo, watu wanafuma kroshia kwa mikono yao hata huko kwenye viwanda vingi.

Kuna wanaouliza, sasa tungoje mpaka lini? Swali ni halali. Jibu letu tumelichukua kwa Waayalandi. Mwaka 1845 viazi vyao vilishikwa na ugonjwa vikaoza shambani, ikaja njaa kubwa iliyoua watu wengi na kuwafukuza wengine ng'ambo. Masista na wanawake wengine wakafungua madarasa ya kroshia ili familia zipate chochote. Katika mji mdogo wa Clones, Cassandra Hand, mke wa kasisi wa pale, alianzisha kazi hiyo mwaka 1847. Kilichowasaidia ni namna walivyogawana kazi. Mtu hakuhitaji kujua kila kitu ndipo aanze. Mmoja alifuma ua lile lile, mwingine jani, na mwenye mkono mzoefu aliviunganisha kwa cheni nyembamba kuwa kola au gauni zima.

Vijana wetu wanaweza kufanya hivyo hivyo. Kila mwanafunzi afume vipande vya mraba vya kipimo kimoja, tuseme mafundo ishirini kwa mistari ishirini, na kisipofika ishirini kifumuliwe bila huruma. Wale wasichana watatu wawe waunganishaji na wakaguzi, na walipwe kwa ukaguzi. Kipande cha anayeanza na cha anayejua vyote vitaingia katika tandiko moja la kitanda. Wakati wa kupanda na palizi darasa likutane mara moja tu kwa wiki, maana shamba haliahirishwi. Siku ya Ushirika Duniani ni Jumamosi ya kwanza ya Julai. Kama tandiko litakuwa limekamilika siku hiyo, litundikwe ofisini wageni waone. Kama halijakamilika, litundikwe lilipofikia, na sindano ikiwa imening'inia pale pale.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwembe. Wajumbe wanaotaka fungu la uzi lifungwe wanaombwa wapite darasani kwanza, Jumanne au Alhamisi saa tisa alasiri, wapewe sindano na wajaribu cheni ishirini. Sindano mbili za klabu zilizoazimwa wiki iliyopita hazijarudi hadi leo. Aliyenazo azikabidhi kwa mtunza stoo kabla ya Jumanne. Mwenye sweta bovu nyumbani alilete pia, rangi yoyote, mradi lisiwe la oveloki.